Mwaka Tuliokatazwa Kumtunza Mwanamkasi

Tanzania haijawahi kushinda Wimbo wa Majirani. Nalisema mapema, maana wenzangu wakiulizwa hulizungukia mbali.

Shindano hilo walilianzisha Wakenya wa mtaa wa Discovery Gardens. Kila mwaka Kenya, Uganda, Burundi, Komoro na sisi, kila nchi inamtoa mwimbaji mmoja kutoka kwa watu wake wanaofanya kazi hapa Dubai, na uenyeji huenda kwa zamu. Mara ya kwanza tulimtoa Deus, mlinzi wa maghala ya Jebel Ali, kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe. Alisahau ubeti wa pili, akaurudia wa kwanza mpaka wapigaji wakachoka. Alama tulizopata sizitaji, aibu ya ndugu husitiriwa. Mwaka uliofuata tulimtoa Mwanamkasi, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Mwanamkasi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, mfupi, mnene, mwenye mdomo. Usichanani aliimba katika kikundi cha taarabu cha mtaani kwao, kisha akaolewa, akaachwa, akaja huku kulea watoto wa watu. Watoto walipokua, arbab, yaani mwajiri wake, akamwambia khalas, kazi imekwisha, naye akapata kazi ya kupiga pasi katika hoteli ndogo ya Al Muraqqabat. Tumekaa chumba kimoja miaka mingi, yeye anapiga pasi, mimi nakunja. Huimba kwa sauti ya chini, kwa kuwa msimamizi hataki kelele. Nakuapieni, sauti ile ikichanganyika na mvuke, hata shuka la mgeni mkorofi unalikunja kwa heshima.

Sasa, taarabu kwetu haisikilizwi kwa kukaa. Mwimbaji akikugusa unainuka, unakwenda mbele ukicheza polepole, unamtunza, yaani unamtia noti yako mkononi huku mkiangaliana, kisha unarudi. Hapo ndipo naye anapojua kuwa wimbo umefika. Mwaka ule Mwanamkasi alipofungua kinywa tu, Watanzania wote tuliinuka. Tulijaa mbele mpaka majaji hawakumwona mwimbaji, waliona kilemba. Na sheria inasema mtu asikaribie jukwaa kabla ya wimbo kwisha, isije ikaonekana ushindi umenunuliwa. Tukafutwa. Badala ya kujilaumu sisi tulioinuka, watu wakamlaumu yeye: "Mama yule na taarabu yake katuponza. Mkosi mtupu!" Nilitamani kumrushia mtu kiatu. Mwenyewe aliacha kuimba, na kwa muda mrefu chumbani mwetu ilisikika pasi tu.

Mwaka huu zamu ya uenyeji ilituangukia, na ukumbi tuliopata ni wa hoteli yetu. Mwaka huu pia ndio Mwanamkasi anaondoka. Visa haiongezwi tena, anarudi Unguja moja kwa moja. Himid, mwenyekiti wetu, kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, akatufuata chumba cha pasi.

"Shangazi, tunataka uimbe wewe. Safari hii tunashinda, inshallah. Nimeshawaambia watu, asiinuke mtu."

Mwanamkasi aliisimamisha pasi. "Waambie tena. Sema ni mimi niliyesema, anayenipenda na akae. Sitaki kuondoka nchi hii nikiitwa mkosi."

Siku ikafika. Vitambaa vya meza alivipiga pasi mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Tuliwalisha wageni biriani kwanza, maana mwenyeji asiyelisha hana uso, kisha nyimbo zikaanza. Justus wa Uganda aliimba vizuri, nimpe haki yake. Mwenyeji huimba wa mwisho. Mwanamkasi akapanda amevaa dira lake la buluu, Elias, mpigaji wetu, akapiga kinanda, naye akaanza wimbo alioutunga mwenyewe:

Nimekuja kuwaaga, wenzangu wa ugenini,
Mizigo nimeifunga, moyo niufunge nini?

Tukakaa. Bi Kuruthum, Mtanzania mwenzetu ambaye tangu azaliwe hajapata kuikalia taarabu, alishika ukingo wa meza kama abiria wa ndege inayotikisika. Mimi niliikalia mikono yangu. Na Mwanamkasi akaanza kututazama mmoja mmoja. Alijua kwa nini tumekaa, yeye ndiye aliyetuamuru, lakini mwimbaji wa Ng'ambo asiyetunzwa ni mwimbaji aliyekataliwa, na moyo hauelewi matangazo ya mwenyekiti. Kufika ubeti wa pili sauti yake ilikuwa ile ya chumba cha pasi, ya kumwogopa msimamizi. Majaji waliandika huku wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Tulikuwa tunashinda, na mimi nilikuwa nalia kwa uchungu.

Akanyamaza katikati ya ubeti. Elias akaendelea kupiga, hajui afanyeje.

"Jamani," alisema Mwanamkasi kwenye kipaza sauti, "nawaaga, na hakuna hata mmoja wa kuinuka akaniaga?"

Himid alitupungia mkono tusiinuke. Mwanamkasi akamwona, akacheka.

"Himid, mwanangu, kombe mtalipata mwaka mwingine. Mimi mwaka mwingine sipo."

Akaurudia ubeti, na safari hii ilikuwa sauti yenyewe, ile ya Ng'ambo, iliyopanda mpaka wapishi wakatoka jikoni. Bi Kuruthum ndiye aliyetangulia. Kisha mimi, kisha Deus na kifua chake, kisha sote. Wakomoro wakatufuata, wao si wageni wa mambo haya, na Justus naye akaja, anacheza Kiganda. Jaji mkuu, Everlyn wa Kenya, alipiga mstari juu ya jina letu, nilimwona kwa macho yangu. Halafu akachukua mkoba wake akaingia kwenye foleni.

"Mum, nimewafuta," alimwambia huku akimtunza. "Rules ni rules. Lakini haki ya Mungu, umeniweza."

"Futa, mwanangu. Futa vizuri," alijibu Mwanamkasi, akaendelea kuimba.

Uganda wakachukua kombe. Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu hakuinuka, naye ni Himid. Wageni walipoondoka tukawa tunapanga viti, yeye bado amekaa, uso umemvimba. Mwishowe akaja.

"Shangazi, tungeshinda."

"Najua."

"Nilitaka uondoke na jina zuri." Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na noti iliyokunjwa, imelowa jasho. "Nilikuwa nimeishika tangu ulipopanda."

Akamnyooshea. Mwanamkasi akairudisha mikono nyuma.

"Hapana, baba. Mimi situnzwi kama anayelipwa nauli. Rudi kule mlangoni."

Himid akarudi mlangoni. Mwanamkasi akajitengeneza kilemba, akasimama kati ya viti vilivyopandanishwa, bila kinanda wala kipaza sauti, akaanza upya: Nimekuja kuwaaga. Himid akaja polepole akicheza, machozi yakimtoka. Alicheza vibaya, maana kuzaliwa Dubai nako kuna hasara zake, lakini alifika, na Mwanamkasi akaipokea noti ile kwa mikono miwili.