Babirye na Pacha wa Kulusumu

Nimewaona wauguzi wengi maishani mwangu, maana mimi nimezaa na nimezalisha, lakini nikisifu muuguzi namsifu Babirye. Ni mtoto wa Budondo kwetu, upande wa Jinja. Kazi yake iko Mbale, wodi ya watoto wachanga, na amepanga chumba Namakwekwe. Mnene, mcheshi, anatembea mbio kama aliyeacha maziwa jikoni.

Nilimjua mwaka juzi, binti yangu Kulusumu alipojifungua pacha. Waiswa alitoka akilia. Tenywa alikawia njiani, akatoka amelegea, rangi imebadilika, hewa imempungukia. Wakampulizia, akapumua, tukashukuru Mungu. Kesho yake mkono ukaanza kurukaruka, midomo ikinyonya hewa tupu, macho yameganda upande mmoja. Babirye akasema ni degedege ya ubongo uliokosa hewa, apewe sindano ya fenobabitoni mara moja.

Hapo mkwe wangu Naigaga, mama wa baba yao, akasimama mbele ya kitanda. Kwetu Busoga pacha hawabaguliwi: ukimnunulia mmoja shati, na mwenzake apate. Akasema Tenywa hachomwi sindano mpaka Waiswa naye achomwe, tena sawasawa. Nikamwambia mtoto anatetemeka. Akanijibu kwamba mimi sikuzaa pacha, ninyamaze.

Babirye hakugomba. Akamshika mkono.

“Mama, mimi mwenyewe ni pacha, jina langu lakwambia. Kawudha, pacha mwenzangu, alipovunjika mguu, yeye alifungwa plasta, mimi nikaenda kucheza. Mpaka leo tunapendana.”

“Plasta si dawa.”

“Dawa hii inamtuliza mwenye degedege. Nikimpa mzima, itamlaza mpaka asahau kupumua. Hata huyu simkadirii kwa macho. Nampima uzito bila nguo, ndipo napiga hesabu.”

Naigaga akamtazama Tenywa, akamtazama Waiswa. “Basi na Waiswa apimwe.”

“Atapimwa, mama. Sasa nipishe.”

Akapisha. Babirye akampima Tenywa, muuguzi mwenzake akarudia ile hesabu, dawa ikaingia mshipani polepole. Mkono ukatulia. Baadaye ukaruka tena. Akaongeza, lakini nusu tu ya ile ya kwanza. Ndipo akampandisha Waiswa kwenye mzani kama alivyoahidi, naye akamkojolea Naigaga kifuani. Wodi nzima ilicheka.

Tenywa alilala usingizi mzito. Naigaga hakula, alikaa akitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka. Babirye akawa anapita, anahesabu pumzi, anamgusa unyayo, anatuambia tungoje dawa ipungue mwilini.

Ikapungua. Tenywa alifungua macho, akalitafuta titi mwenyewe, akanyonya kwa nguvu mpaka Kulusumu akaguna. Naigaga akainuka, akaanza nyimbo zetu za pacha, zile zenye matusi, mbele ya daktari kijana. Daktari akageukia ukuta. Babirye, trei ya sindano mkononi, akaitikia bila kuruka neno, nami nikapiga vigelegele.