Glavu za Mjomba Bakari

Juzi niliona glavu za kipa zimeanikwa kwenye kamba, kule mtaa wa Chumbageni, nikageukia njia nyingine.

Nilipokuwa mtoto, Mjomba Bakari alikaa kwetu. Alikuwa kipa wa timu yetu, na msimu mmoja ilifungwa mechi nyingi. Watu wa barazani walisema glavu zake zimerogwa. Bibi naye alikuwa akisema uchawi hutolewa kwa maji ya chumvi. Basi mchana wa mechi ya mwisho, ambayo ushindi wake ungetubakiza ligi kuu, nilichemsha maji, nikatia chumvi ya mawe, nikazitumbukiza glavu. Jiko zima lilinuka mpira unaoungua. Nilidhani ni uchawi unatoka.

Mjomba alipozichukua, viganja vyake vya mpira vilibanduka kama ganda la muhogo.

"Mwanaidi, nani kagusa hizi?"

"Sijui, mjomba. Labda paka."

Akacheka. "Paka wenu siku hizi anapika?"

Akaenda kudaka na glavu za kuazima zilizompwaya. Redioni nilisikia mpira ukimponyoka dakika za mwisho. Tukashuka daraja.

Aliporudi, watoto wa jirani walimwimbia, "Kipa chujio! Kipa chujio!" Nami nikaimba nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili kosa langu lisijulikane.

Sasa najua timu ile ilikuwa imeshajifia tangu mwanzo wa msimu. Lakini mjomba alinisikia. Aliingia ndani, akamwambia mama taratibu, "Dada, maji ya moto mwekee mbali huyu mtoto. Ataungua."