Sauti Moja ya Tarumbeta

Bendi ya shule yetu hapa Kilosa ina wapigaji wa kila aina, na mimi ndiye mwalimu wao, Mungu anisaidie. Yupo kijana wa kidato cha tatu aliyekulia kwenye matarumbeta ya harusi ya baba yake. Ukimpa wimbo asubuhi, mchana ameshautia madoido. Hajui kunyamaza. Na yupo binti wa kidato cha kwanza, anayeishi kwa bibi yake mtaa wa Magomeni hapahapa Kilosa, ambaye muhula mzima alipata sauti moja tu kwenye tarumbeta. Moja, lakini safi.

Tulipoalikwa kupiga kwenye mahafali ya shule moja ya Mikumi, walimu wenzangu walinishauri nimwache huyo binti. Nilikasirika. Mama yake anauza vitunguu kando ya barabara kuu hukohuko Mikumi, na hajawahi kumwona akipuliza.

"Mwalimu, mama atanisikia kweli?" binti aliniuliza.

Nikamwahidi kwamba atamsikia. Nikaupanga wimbo upya, kila ubeti uishie kwa sauti yake ile peke yake. Kijana nikamweka pembeni yake, amwashirie kwa kichwa zamu ikifika. Kuashiria aliashiria, ila madoido yake yalimfunika binti kila mara. Nilifoka mpaka koo likakauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya mahafali uwanja ulijaa, hata madereva wa malori walisimama kutazama. Ubeti wa kwanza, binti akapuliza, na hakuna aliyemsikia. Nikamtazama yule kijana kwa jicho la viboko.

Ubeti wa pili ukiwa katikati, mama mtu akachomoka kwenye umati na vigelegele, mkononi kanga mpya. Akacheza hadi kwa binti yake, akamvika shingoni. Kanga ikateleza, ikafunika mdomo wa tarumbeta gubigubi. Binti mikono yote miwili imeshika chombo, macho yamemtoka, na zamu yake hiyo imefika.

Kijana akaacha kupiga. Akashusha tarumbeta lake, akaivuta ile kanga, akabaki ameishikilia juu. Sauti ya binti ikatoka peke yake, ndefu, ikaenea uwanja mzima. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Mama akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Huyo wangu! Mmemsikia lakini?"