Nati Ishirini za Bibi Harusi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikishika spana inanirudia yote, na moyo wangu unaruka kama ulivyoruka siku ile.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimeacha kazi ya kupakia magunia kiwandani Changamwe, nikasimamisha banda la mabati Mtopanga la kutengeneza rimu za aloi, zile rimu nyepesi zinazong'aa ambazo magari mengi huja nazo. Sikufundishwa na mtu. Nilinunua vitabu vya magari vya mitumba, nikavisoma na kunakili kila hatua katika daftari langu. Nakueleza haya ili ujue kwamba kosa langu halikuwa la uvivu. Lilikuwa kosa la mtu aliyejitahidi kupita kiasi, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona, kwa sababu linafanana sana na bidii.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mwalimu Charo wa Frere Town. Binti yake, Kadzo, alikuwa anaolewa, na Jumamosi hiyo msafara ungemtoa nyumbani kwao kwenda kanisani Mazeras. Bibi harusi angepanda gari la baba yake mwenyewe, dogo, jeupe, lililotunzwa vizuri isipokuwa rimu. Zile rimu zilikuwa zimeliwa na chumvi. Aliyeishi Pwani anazijua: rangi inafura kama malengelenge, chini yake kuna unga mweupe, na pembeni mikwaruzo ya kugusa kingo za barabara.

"Zirudishe ujana wao," aliniambia Mwalimu. "Nataka wakwe zangu wajione humo."

Mwanangu, niliifanya kazi hiyo siku nne kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilibandua rangi ya zamani yote. Nikapiga msasa mkali, kisha msasa laini kwa maji, nikipitisha kidole kila mara kwa sababu kidole huona pale jicho linapodanganywa. Nikaziba mikwaruzo kwa puti, nikasugua tena, nikapaka rangi ya msingi, halafu ya fedha mikono mitatu, na juu yake vanishi. Zilipokauka nilizigeuza. Nikatazama upande wa nyuma, ule unaokaa ndani na usioonwa na mtu, nikajiambia: fundi wa kweli haachi nusu. Basi nikapaka na huko. Nikapaka uso wa katikati unaoegemea gari, na vishimo vyote ambamo nati hukaa. Mikono mitatu, na vanishi juu. Niliandika katika daftari kwa fahari kwamba hakuna sehemu hata moja iliyobaki bila rangi.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilizifunga nne kwenye gari, nikakaza nati mpaka spana ikalia. Ya tano, ya akiba, ilibaki bandani, kwa sababu buti lilikuwa limejaa vyombo vya bibi harusi, na Mwalimu alisema angeifuata Jumatatu. Mama Riziki, anayeuza mahamri mlangoni pangu, aliinama mbele ya gurudumu akajitazama.

"Fundi, hizi rimu ama vioo? Nimeliona jino langu bovu!"

Watu wakacheka, Mwalimu akapiga honi, akaenda. Nilihisi nimekuwa mrefu kuliko mlango wa banda langu.

Kama saa nne hivi akapita Mzee Salim. Huyu alikuwa mzee wa Kisauni ambaye maisha yake yote alifunga na kufungua magurudumu ya malori kule Changamwe, na sasa alikuwa amestaafu, anatembea na kanzu yake akisalimia watu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Nasikia Mtopanga yote yakusifu wewe. Hebu nione."

Nikampa ile rimu ya akiba. Akaitazama uso wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mashallah. Mkono unao." Kisha akaigeuza. Akatia ukucha wa dole gumba ndani ya kishimo cha nati, akakwangua, na vanishi yangu ikatoka kama ganda la kitunguu.

"Na zile nne umezipaka vivi hivi?"

"Naam, mzee. Kila mahali."

"Gari li wapi?"

Hakupaza sauti. Wala hakungoja jibu.

"Nisikize," akasema, huku tayari anaokota spana yangu. "Nati haikai pale kwa pambo. Yabana chuma kwa chuma. Wewe umeitandikia godoro. Leo umekaza, godoro likakaza nawe. Breki zikipata moto, lile godoro lalainika, latoka, na nati yabaki na nafasi. Nani yumo garini?"

"Bibi harusi."

"Yallah. Ita bodaboda."

Nilimpigia Mwalimu simu mara tano tukiwa njiani. Haikupokelewa. Ungewezaje kusikia simu katika msafara wa harusi? Tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja: kijana dereva mbele, mimi katikati nimekumbatia jeki, Mzee Salim nyuma ameikunja kanzu yake magotini na spana ameielekeza mbele kama upanga. Frere Town tukakuta mkeka mtupu na wanawake wanaosha masufuria. "Wameondoka kitambo!" wakatuambia. Tukashika daraja la Nyali, tukakatiza kisiwani, tukatokea Makupa. Huko mbele, nilijua, ni barabara ya malori, yale marefu ya bandarini, na gari dogo likipoteza gurudumu katikati yake... Sitaki hata leo kukamilisha sentensi hiyo.

Pale Makupa, foleni ilipotushika kidogo, Mzee Salim akanisemesha sikioni.

"Ukifika utamwambia nini?"

Mwanangu, sitakuficha. Nilikuwa nimeshaipanga. "Nitasema tumekuja kukaza nati tu. Kwamba ni kawaida, rimu mpya hukazwa tena."

"Na akikwambia ngoja tufike kanisani kwanza?"

Nikaitazama jeki mikononi mwangu.

"Waona? Uwongo wako wampa yeye ruhusa ya kuendelea na safari. Sema ulichofanya. Kisemwe kizima, ili asimame."

Tuliwaona kabla ya Changamwe, malori yamewabana, magari sita yana riboni, tarumbeta inalia kwenye pikapu ya mbele. Gari jeupe lilikuwa la pili, na nyuma yake vijana walikuwa wamefunga makopo matupu kwa kamba, yanaburuzika na kugongana barabarani. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama, nikajitupa mbele ya boneti nimenyoosha mikono.

Dirisha la nyuma likashuka, na shangazi yake Kadzo, mama mnene wa kilemba cha kijani, akatoa kichwa.

"Ahaa, wameanza! Mnafunga njia mapema hivi, hata Mazeras hatujafika? Hatutoi kitu! Hii ni barabara ya serikali!" Akapiga kigelegele cha kunikejeli. Alidhani mimi ni katika vijana wa huko kwa bwana harusi, wale wanaozuia msafara mpaka wapewe zawadi. Gari zima likacheka. Mzee Salim akafika na spana yake.

"Na babu pia mmemleta!" akasema shangazi. "Jamani, na silaha!"

Mwalimu Charo akashuka huku bado anatabasamu. "Fundi, kuna nini?"

"Mwalimu, nimekosea mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Nilipaka rangi mahali ambapo haipakwi. Nati zinalegea. Gurudumu linaweza kutoka. Usiendeshe hata hatua moja."

Tabasamu likamtoka. Akanitazama mimi, akatazama gari, akatazama binti yake aliyekaa ndani na shela lake. Kisha akasema polepole, "Kuanzia Makupa nasikia ku-ku-ku. Nilidhani ni makopo."

Nikapiga goti kwenye gurudumu la mbele, upande wa Kadzo. Nikashika nati kwa vidole. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Ya tatu pia. Vidole, mwanangu, bila spana. Shangazi aliyekuwa akicheka akaushika mdomo wake.

Nilingoja Mwalimu anitukane. Haki yake ilikuwepo. Yeye akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Anza na gurudumu lake," akasema.

Tulilisukuma gari pembeni. Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu la kwanza, na kwa kisu na kipande cha msasa nilivyokuwa navyo mfukoni nikaanza kukwangua kazi yangu nzuri mpaka chuma kikaonekana uchi. Jua lilikuwa kali, malori yanapita yakitikisa nchi, na zile nati nilikuwa naziweka mchangani.

"Usiziweke chini!" Mzee Salim akafoka. "Mchanga ukiingia kwenye uzi wa nati, tumetoka katika godoro tumeingia katika kokoto."

Mlango ukafunguliwa. Kadzo akateremka na gauni lake jeupe, shangazi akipiga kelele nyuma yake, "Kadzo! Mafuta! Shela! We mtoto!" Akachukua leso ya shangazi, akaitandaza juu ya viganja vyake, akavikinga mbele yangu.

"Leta hapa, kaka."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Nati tano kwa kila gurudumu, zikitoka zinakwenda kwenye leso ya bibi harusi, zikirudi nazipokea kutoka mkononi mwake, naye anazihesabu kwa sauti kama darasani. Mzee Salim hakugusa kitu. Alikaa juu ya tofali akanielekeza: "Kaza hii. La, usifuate iliyo jirani, ruka uende ya mbali yake. Sasa urudi ng'ambo. Shusha gari, ukaze tena." Yule mpiga tarumbeta, asiye na la kufanya, akaanza kupiga kwa mwendo wa spana yangu, na kila nati ikifika mwisho watu wanashangilia. Hofu ilikuwa imegeuka sherehe! Nilikuwa natoka jasho na machozi pamoja, na sikujali nani ananiona.

"Ishirini," akasema Kadzo mwishowe, akakung'uta leso. "Zimetimia." Akaziangalia rimu. "Lakini zimependeza, kaka. Usije ukaacha kazi hii."

Walifika Mazeras wamechelewa, na bwana harusi alikuwa bado yupo.

Tuliporudi, Mzee Salim aliniambia neno ambalo nililiandika ukurasa ule ule wa daftari, chini ya majigambo yangu: "Pa kuonekana, papendezeshe. Pa kushika, paache pashike."

Sasa wewe, mwanangu, uliyefungua banda lako au unayekusudia, shika haya niliyoyapata kwa aibu. Kabla ya kupaka, ziba vishimo vya nati na ule uso unaoegemea gari kwa karatasi ya gundi, na ukishabandua karatasi hakikisha unaona chuma. Ukimfungia mteja, mwambie azunguke mtaani kidogo kisha arudi umkazie tena, na usihesabu kazi imekwisha mpaka arudi. Rimu iliyopasuka usiizibe kwa puti ikaonekana nzima. Igonge taratibu, na ile isiyolia kama kengele ina ufa, basi mwambie mwenyewe ukweli, hata akikasirika. Wafundishe wateja wako kuosha rimu kwa maji matamu na sabuni wakishuka feri ya Likoni, na kuzipaka nta nyembamba, na wasithubutu kutumia ile asidi ya kusafishia vyoo, kwa maana inang'arisha siku moja na kula miaka mingi. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, usikae kutafuta maneno laini. Panda bodaboda. Jitupe mbele ya gari. Kosa lisemwe zima.

Kadzo sasa ana gari lake na watoto wawili warefu kuliko mimi. Mwezi uliopita aliniletea rimu zake, na kabla hata ya salamu alitandaza leso juu ya viganja na kuvikinga mbele yangu, anacheka. Mzee Salim ameshatutoka, Mungu amrehemu. Nilizitia nati mkononi mwa Kadzo moja moja, naye akahesabu mpaka ishirini.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe jicho la kupenda kinachong'aa na ukucha wa kukikwangua, na kila unayemfungia gurudumu afike anakokwenda.