Posa ya Wajukuu wa Waviking

Kufikia mwaka 2018 Mukandayisenga alikuwa ameishi Fridley, mji wa Minnesota huko Amerika, miaka saba, na bado hakuelewa kwa nini watu wa huko, wapole wa kukushikia mlango hata ukiwa bado mbali, wanawapenda wezi. Wezi hao walichorwa kwenye kofia za watoto, kwenye magari, hata kwenye vikombe vya chai katika hospitali alikofua mashuka: ndevu, shoka, macho makali. Alipowaona mara ya kwanza alimwuliza Jedidah, muuguzi wa Kikenya aliyesali naye, hao ni watakatifu gani.

"Watakatifu?" Jedidah alicheka. "Hao ni Waviking, mama. Majambazi wa baharini. Walitoka Norwei na nchi za jirani, wakachoma makanisa, wakauza watu."

"Na wanawekwa kwenye kikombe?"

"Na timu ya mpira imepewa jina lao."

Mukandayisenga akarudi kwenye mashuka yake. Watu wa namna hiyo aliwajua, na hawakuhitaji merikebu. Kule kwao Masisi walishuka kilimani mchana kweupe, wakaswaga ng'ombe, na pamoja na ng'ombe wakamswaga dada yake. Hakuonekana tena. Mtoto wa dada, Pascasie, akabaki mgongoni mwa mama yake mdogo, na mgongo huo ndio uliomvusha mpaka, ukamlea katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukamfikisha Minnesota. Kwa hiyo Pascasie alipopata mchumba, ndugu wote walikubaliana kwamba wa kusema ndiyo au hapana ni Mukandayisenga peke yake.

Mchumba aliitwa Derek, kijana wa mji jirani wa Blaine, mwenye haya. Naye hakuwa na neno. Kazi ilikuwa kwa baba yake.

Posa ya kwao Mukandayisenga ina utaratibu wake. Msemaji wa wenyeji huwachokoza wageni kana kwamba hajui walichokuja kutafuta. Wageni nao huja na msemaji wao, fundi wa maneno, ataje ukoo kisha aombe binti. Familia ya Derek ilitafutiwa mzee wa kanisani awasemee. Lowell, baba mtu, akamkataa. Atajisemea. Alikuwa ametema mate kwenye kichupa na kuyatuma kwa posta yapimwe asili yake, na majibu yalikuwa yamemlevya.

Basi Jumamosi mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Jedidah akikaa katikati kutafsiri, Habiyaremye, msemaji wa wenyeji, alisimama.

"Tunaona watu wamekuwa wekundu kwa baridi. Mmepotea, au gari limewazimikia?" Watu wakacheka. "Kama hamkupotea, semeni. Ninyi ni watu wa nani?"

Lowell alisimama akiwa ameshika pembe ya ng'ombe iliyojaa pombe ya asali, ndani ya kanisa la Kipentekoste.

"Sisi ni damu ya Waviking!"

Akaeleza nchi iliyobanwa kati ya milima na bahari, vijana wasio na mashamba, merikebu zenye vichwa vya majoka. Walifika Uingereza, Ireland, mito ya Urusi, hata Amerika kabla ya Wazungu wengine. Mungu wao Odin, mwenye jicho moja, aliwachagua waliokufa silaha mkononi, akawakaribisha kunywa katika jumba lake. Watawa walichinjwa, alisema, kwa uchangamfu wa mtu anayesimulia harusi, na wanawake...

Jedidah akaacha kutafsiri.

"Malizia," Mukandayisenga akamwambia.

"Anasema wanawake walichukuliwa, mama. Wakapakiwa merikebuni."

Mukandayisenga alimtazama yule mtu: suruali iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, tumbo la mtu ambaye hajawahi kukimbia chochote. Hata wizi wenyewe hakuuiba yeye. Ameuazima.

"Mwambie hivi. Watu anaowasifu walishafika kwetu, wala hawakuomba. Walichukua mmoja. Huyu wa pili siwapi. Watoke."

"Wote, mama?"

"Wote. Kama huko nje kuna watu wa damu nyingine, wapige hodi."

Wakatoka hadi kwenye theluji. Dirishani alionekana Derek akimfokea baba yake, kijana ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Baada ya muda mlango ukagongwa.

"Nani tena?" Habiyaremye akauliza.

Lowell aliingia mikono mitupu, akasema akitazama viatu vyake. Baba yake alitengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, mjini Coon Rapids. Babu yake, Nels, alifuga nguruwe, shamba likachukuliwa na benki. Bibi wa ukoo wao aliyetangulia kuja Amerika alikimbia njaa Norwei, akawa mtumishi wa nyumbani, tena alitapika safari nzima ya baharini.

"Hatuna la kujisifia," alimaliza, masikio yamemwiva.

Wachinjaji hawakumwaibisha, nguruwe ndio waliomwaibisha. Kwa hilo Mukandayisenga alimdharau kuliko kwa upuuzi wote uliotangulia. Lakini watu kama mfuga nguruwe aliyefilisika aliwajua. Hao ni watu wa kugombana nao misibani na kusameheana nao.

"Mwambie kitukuu wa Nels nimempa binti."

Vigelegele vikapasuka, Pascasie akaletwa kutoka chumba cha nyuma, na Mukandayisenga, kama kila alipomtazama, akaiona sura ya dada yake. Lowell alikuwa bado amesimama, hajui pa kwenda. Akamwinamia Jedidah, akamnong'oneza.

"Anauliza kama umemsamehe, mama."

Mukandayisenga hakugeuka.

"Mwambie ale."