Kipima Mvua Changu na Wakwe wa Mama Nafula

Nikisikia watu wakijadili hali ya hewa mimi huinamisha uso, maana kuna Jumamosi moja pale mtaani kwetu Mowlem ambayo hadi leo hunichoma masikio, na chanzo chake ni kifaa kidogo cheupe nilichokichagua mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Nilikuwa naandika riwaya ambayo mvua inanyesha karibu kila sura, nikaona aibu kuielezea kwa kubahatisha, basi nikaenda kutafuta kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, kile rahisi kabisa. Muuzaji akaniwekea viwili mbele yangu: kimoja cha kupima joto na unyevu tu, unakiweka dirishani, yameisha, cha pili kina kikombe cha kupimia mvua na kinatumia WiFi, kila tone linaingia kwenye simu. "Hiki cha kwanza kinakutosha," akasema. Nikachukua cha pili (mtu wa kuandika mvua atanunuaje kifaa kisichoijua mvua?). Nikakifunga juu ya jengo letu, kwenye nguzo ya kamba za nguo, kwa sababu WiFi ya chumba changu iliishia hapo.

Jumamosi hiyo jirani yangu wa chini, Mama Nafula, alikuwa anapokea wakwe. Viti vilipangwa uani, wageni upande huu, yeye upande ule, mbali, kwa sababu kwao Uluhyani mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani, hata mkono hawapeani, na mama wa watu alitaka siku ya binti yake ipite bila doa. Ndipo simu yangu ikalia: mvua kubwa inanyesha.

Nikatazama dirishani. Jua. Nikatazama simu. Mvua. Nikapangusa kioo cha simu, kisha nikapangusa cha dirisha. Nani mwongo hapa? Nikajiambia labda wingu limejificha nyuma ya jengo, na kifaa, kwa kuwa kiko juu, kimeliona kabla yangu (ndiyo, niliwaza hivyo, nikiwa na akili timamu). Nikashuka ngazi mbio.

"Mama Nafula, ingizeni viti! Mvua!"

"Mvua gani na jua hili?"

"Simu imesema. Na inazidi!"

Akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama keki iliyokuwa mezani. "Haya, kama ni wewe unasema."

Wageni wakafika, wakajazwa sebuleni kama magunia ya viazi, na yule mkwe, kijana mrefu aitwaye Wekesa, akasukumwa na shangazi zake hadi kwenye kiti cha mwisho, goti kwa goti na Mama Nafula. Mama aliruka kama aliyekalia moto, akakimbilia jikoni, akashusha pazia. Wekesa akaganda, macho darini. Jasho likatiririka, nje jua likiwaka bila haya, na mjomba mmoja akauliza, "Kwani hii mvua inakuja kwa miguu?"

Simu ikalia tena: imezidi. Hapo nilichanganyikiwa kabisa, nikapanda juu kuiona kwa macho yangu. Blanketi za Mama Nafula, alizozifua kwa ajili ya wageni, zilikuwa zimeanikwa pale zikichuruzika, na moja ilikuwa imening'inia juu ya kikombe changu, tone, tone, tone.

Nikashuka, nikasimama mlangoni mbele ya koo mbili, nikasema, "Samahanini. Mvua ni blanketi."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambieni huyo jirani atoe viti vyote nje. Peke yake!"

Walicheka hadi shangazi mmoja akavua kilemba. Nikabeba viti, kimoja kimoja, huku wakinisindikiza kwa maneno ("Boss, chukua mwavuli!"), na mama akatoka hatimaye, akakaa mahali pake, mbali, akiwa na heshima yake. Lakini Nafula, binti mwenyewe, alikuwa ameshamtambulisha mama yake kwa wakwe. Alimtambulisha kwa kunyoosha kidole kwenye pazia, na mama yake akaitikia kutoka kando ya sufuria. Siku kama hiyo hairudiwi, na hakuna aliyewahi kunilaumu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kifaa nimekigawa. Na nimeapa: sitamtangazia mtu tena mvua ambayo haijanilowesha mimi mwenyewe.