Tanga Nililolinyoosha

Nikisikia harufu ya kitambaa kipya cha marekani, naona haya. Nikiwa na miaka tisa, binti wa fundi cherehani wa Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, nilirekebisha kazi ya baba yangu bila kuombwa, nikaiharibu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mzee Sefu, aliyesafirisha maharage ya Kanama ziwani, alikuwa amechoka kutafuta wapiga kasia, akamtaka baba amshonee tanga. Likivuta vizuri, angeagiza matanga ya mashua zake zote nne. Baba, aliyekuwa akishinda kwenye viraka vya suruali za watu, alikosa usingizi wiki nzima. Siku ya kulijaribu akanichukua, nami nikaenda shingo upande, maana hata wakati huo niliona dunia inatazamika vizuri zaidi ukiwa kizingitini kwenu.

Tulitoka bandari ya Rubona asubuhi pamoja na Mzee Sefu, upepo ukatufikisha taratibu kwenye kisiwa kidogo chenye mbuzi wasio na mchungaji. Manyunyu yalikuwa yamelilowesha tanga, baba na Mzee Sefu wakalitandaza majanini likauke, tukapanda kukitembelea kisiwa. Mimi nilikiona nusu. Kulikuwa na mapera machachu, kibanda cha wavuvi kilichobaki nguzo tu, na njia ya mawe meusi iliyopanda bila huruma. Nikasema miguu inauma, nikarudi ufukweni peke yangu. Huko nikaona jambo: tanga lilikuwa halilali. Katikati lilivimba kama tumbo la mtu aliyeshiba maharage. Baba, aliyenichapa vidole kwa mshono uliopinda, ndiye aliyeshona hivi? Nikaona aibu kwa niaba yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi niliziba ufa usiokuwepo. Nikatoa sindano kwenye kapu la baba la kushonea, nikalikunja tumbo lile, nikapiga mshono wa bandi kwa uzi maradufu kutoka juu hadi chini. Likalala kama shuka.

Nani angeniambia kwamba tumbo ndilo linaloshika upepo? Alasiri walipolitweka, lilikakamaa kama ubao, upepo ukapita zake, mashua ikaenda ubavu. Mzee Sefu akauliza fundi amefanya nini. Baba akapapasa kitambaa, vidole vikasimama juu ya bandi aliyonifundisha mwenyewe. Akanitazama. Nikageuka kutazama maji.

"Marekani imejikunja kwa maji, mzee," akasema. "Ilifaa niiloweke kabla ya kukata. Kosa ni langu."

Tukapiga kasia mpaka Rubona, viganja vikatoka malengelenge. Mzee Sefu hakuagiza tanga lingine. Baba alirudi kwenye viraka vyake mpaka alipokufa; hakunitajia siku ile, wala mimi sikumtajia.

Siku hizi boti za injini hufika kisiwani kule kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Jirani yangu Mama Zaituni, muuza samaki, hunialika kila mara, nami humjibu kwamba miguu haijapona uchovu wa safari ile. Juzi nikamsimulia yote, nikitegemea acheke. Akamaliza kwanza kuparua samaki aliyemshika.

"Haiko miguu, dada," akasema. "Ulimunyamazia baba yako, sasa unasingizia miguu."